Waya wa Antena Mlingotini

Waya wa antena kwenye yoti ya matanga huanzia nyuma ya redio ya VHF, hupita chini ya dari ya kebini, hutokea sitahani, kisha huingia ndani ya mlingoti na kupanda hadi kileleni, ambako antena imefungwa. Kwenye yoti ya futi 40 safari hiyo ni kama mita 20. Waya ukichubuka, ukikatika au ukiingiwa na maji mahali popote katika mita hizo 20, redio huwa bubu hata kama imenunuliwa jana. Kwa hiyo fundi mzoefu akiletewa malalamiko ya redio isiyosikika, huanza na waya kabla hajaigusa redio yenyewe.

Kwa nini antena ipandishwe juu kiasi hicho? Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayaufuati mviringo wa dunia ila kidogo tu, kwa hiyo antena inayoona mbali ndiyo inayosikika mbali. Antena iliyo mita 16 juu ya maji ina upeo wa maili 9 hivi za baharini. Ikifungwa kwenye nguzo ya tezini, mita 4 juu ya maji, upeo huo hushuka hadi maili 4 na nusu. Vyombo viwili vyenye milingoti ya mita 16 huweza kusikizana vikiwa na maili 18 kati yao, umbali unaokaribia upana wa mkondo wa Unguja pale unapobana. Vituo vya nchi kavu, vikiwemo vya uratibu wa uokoaji vya Mombasa na Dar es Salaam, vina faida ya kuweka antena juu ya minara. Yoti haina mnara mwingine ila mlingoti wake.

Ndani ya waya huo mna nini? Ukikatwa kwa kisu kikali, huonekana tabaka nne. Katikati mna uzi wa shaba unaobeba mawimbi. Uzi huo umevikwa kihami cheupe cha plastiki. Juu ya kihami kuna wavu wa nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa, na nje kabisa kuna ganda jeusi. Wengi hudhani wavu ni kinga tu ya kuzuia makelele. Kumbe ni njia ya pili ya umeme, yenye kazi sawa na uzi wa katikati. Pia umbali kati ya uzi na wavu umepimwa kiwandani ili waya uwe na ukinzani wa omu 50, sawa na redio na antena. Waya ukibanwa na mlango wa kabati au ukikunjwa mno, umbali huo huharibika ingawa hakuna kilichokatika. Kanuni rahisi ya mafundi ni kutoupinda waya kwa mzingo wenye nusu kipenyo kilicho chini ya mara kumi ya unene wake.

Hapa lipo swali linaloulizwa sana pwani. Je, waya wa televisheni, unaopatikana kila duka la vifaa vya umeme, hauwezi kutumika? Waya wa televisheni ni wa omu 75. Tofauti hiyo ya omu peke yake haiizimi redio, na wapo waliousafiria mwaka mzima. Tatizo kubwa liko kwenye madini yake. Nyaya nyingi za televisheni zina uzi wa chuma uliopakwa shaba juu juu, na badala ya wavu mzito wa shaba zina karatasi ya alumini na nyuzi chache za alumini. Alumini haikubali risasi ya kulehemia ya kawaida, na ikikutana na chumvi huwa unga mweupe. Chuma nacho hushika kutu mara tu shaba ya juu inapokwanguka. Plagi za redio za baharini pia hazikutengenezwa kwa unene huo. Kwa hiyo jibu ni hapana, ila kwa dharura ya siku chache.

Sasa, wasikilizaji, waya huharibikaje? Adui wa kwanza ni maji, wa pili ni msuguano, na wa tatu ni jua. Maji hupata njia kwenye plagi ya juu kabisa, kileleni, mahali ambapo mwenye chombo hafiki kwa miaka. Plagi inayotumika kwa kawaida huitwa PL-259. Ilibuniwa kabla ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya vyumba vikavu, wala haikukusudiwa kuzuia mvua. Maji ya chumvi yakishaingia chini ya ganda, hupanda na kushuka ndani ya wavu kama mafuta ya taa ndani ya utambi wa kandili. Tone lililoingia kileleni huweza kuonekana miezi baadaye chini ya sitaha, likidondokea nyuma ya redio. Njiani shaba hubadilika rangi, kwanza hudhurungi, kisha nyeusi, na mwisho kutu ya kijani. Wavu mweusi haupitishi mawimbi inavyopasa, hata kama kila uzi wake bado ni mzima.

Msuguano hutokea ndani ya mlingoti. Milingoti ya alumini ina uwazi ndani, na katika uwazi huo hupita pia kamba za kutwekea tanga, yaani henza. Waya usipofungwa ndani ya bomba lake, henza husugua ganda lake kila tanga linapopandishwa na kushushwa. Ncha za skrubu zilizofunga vifaa vya nje ya mlingoti nazo hutokeza ndani zikiwa kali, na waya unaopigapiga usiku kucha nangani hukwaruzika juu ya ncha hizo. Mlingoti mzima wa mbao hauna uwazi wa ndani, kwa hiyo waya wake hupita nje. Huko husugua kamba kidogo lakini huchomwa na jua zaidi, hadi ganda linapasuka. Sehemu ya mwisho ya hatari ni shina la mlingoti, pale waya unapotoka na kuingia sitahani. Hapo waya hukanyagwa, huvutwa, na mara nyingi huwa na kiungio kilichowekwa ili mlingoti uweze kung'olewa. Chombo kikiwa na kiungio cha namna hiyo juu ya sitaha, fundi hukitilia shaka kabla ya kitu kingine chochote.

Dalili za waya mbovu zina hila yake. Redio huwaka vizuri, kioo chake huonyesha kila kitu, na meli iliyo karibu husikika. Mwenye chombo huridhika. Lakini kupokea hakuhitaji nguvu nyingi kama kutuma, na meli kubwa iliyo maili 3 hupenya hata kwenye waya uliooza. Ushahidi hutoka kwa wenzake: sauti inafika dhaifu, au haifiki kabisa isipokuwa kwa jirani wa nangani. Dalili nyingine huonekana kwenye chombo chenye AIS, mfumo wa kuonyesha meli zilipo, kinachotumia antena hiyo hiyo. Meli ambazo zamani zilionekana zikiwa maili 20 sasa hujitokeza zikiwa maili 4. Na jambo hili linafaa kurudiwa: redio inayosikia si lazima iwe inasikika.

Basi uchunguzi huanzia wapi? Hatua ya kwanza haihitaji kupanda popote. Waya wa mlingotini huchomolewa nyuma ya redio na antena ya akiba, hata fupi, huchomekwa mahali pake. Redio ikianza kusikika vizuri kwa jirani, redio ni nzima na kosa liko kwenye waya au antena ya juu. Isiposikika, mlingoti unaweza kusubiri. Jaribio hili la dakika 5 limewaepusha watu wengi kupanda bure.

Hatua ya pili ni macho na vidole. Pete ya plagi ikizunguka kwa ugumu, ikiwa na unga wa kijani au mweupe, au waya ukichezacheza ndani ya plagi, chanzo kimeshapatikana. Plagi hufunguliwa na ganda la waya hupasuliwa sentimita chache. Wavu ukiwa unang'aa, waya bado una uhai. Ukiwa mweusi, hukatwa kipande kingine, kisha kingine, hadi shaba safi ionekane.

Hatua ya tatu ni mita ya kawaida ya umeme, ile inayopima omu. Waya huachanishwa na redio na pia na antena. Kati ya uzi wa katikati na wavu kusiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, kuna mahali waya umebanwa au umejaa maji. Kisha ncha ya juu huunganishwa kwa muda, uzi kwa wavu, kwa kipande cha waya, na kipimo hurudiwa chini. Mita sasa ionyeshe chini ya omu moja au karibu na hapo. Ikionyesha makumi ya omu, au isionyeshe kitu, waya umekatika au plagi haijashika. Kuna mtego hapa ambao umewafanya watu watupe antena nzima. Antena nyingi za mlingotini zina koili ndani ya shina lake, na koili hiyo huunganisha uzi na wavu kwa umeme wa betri ingawa kwa mawimbi ya VHF haviungani. Anayepima waya bila kuichomoa antena huona mkato mfupi na kudhani kuna hitilafu, kumbe antena iko kama ilivyotengenezwa.

Mita ya omu, hata hivyo, haijui habari za mawimbi. Waya unaweza kufaulu mtihani wake na bado ukameza nusu ya nguvu. Kwa hilo ipo mita ya SWR, inayofungwa kati ya redio na waya, ikapima kiasi cha mawimbi yanayokwenda na yale yanayorudishwa. Lazima iwe ya VHF ya baharini, kwa sababu mita za redio za malori hupima mawimbi ya chini zaidi. Redio huwekwa kwenye wati 1, kwenye chaneli ya kazi isiyotumika wakati huo, na kitufe hubonyezwa kwa sekunde chache tu. Chaneli 16 haiguswi kwa majaribio ya aina hii. Ni ya dharura na ya kuitana, na chaneli 70 ni ya miito ya kidijitali peke yake. Kipimo cha 1.5 au chini ni kizuri, 2 kinavumilika, na 3 kwenda juu kinadai kazi.

Je, kipimo kizuri kinatosha? Hapana, na huu ndio ujanja mkubwa wa waya mbovu. Mawimbi yanayopanda kwenye waya uliooza hufa njiani, na yale machache yanayorudishwa na antena hufa pia kabla hayajafika chini. Mita iliyo karibu na redio huona kwamba karibu hakuna kinachorudi, ikatoa alama ya juu kwa waya usiofaa kitu. Fundi anayeshuku jambo hilo hupandisha mita hadi kileleni, akaifunga kati ya waya na antena, na mtu wa chini akabonyeza kitufe. Redio ikiwa imewekwa kwenye wati 25, na juu zikafika wati 3, hakuna tena mjadala.

Ugonjwa ukishajulikana, uamuzi ni mmoja kati ya mawili: kukata na kuunga, au kubadilisha waya wote. Uharibifu ulio kwenye ncha, ambao shaba hung'aa baada ya kukata sentimita 20 au 30, hutibiwa kwa plagi mpya, mradi waya unaobaki unafika bila kuvutwa. Weusi ukiendelea zaidi ya nusu mita, kukata zaidi ni kupoteza siku. Maji yameshasafiri. Mchubuko ulio katikati ya mlingoti nao hauungwi, kwa sababu kiungio kikiwa ndani ya mlingoti hakionekani, hakikaguliki, na kitazidi kusuguliwa na henza. Kiungio kinakubalika mahali panapofikika na pakavu, chini ya sitaha, karibu na shina la mlingoti. Hapo kila ncha huwekewa plagi yake, na plagi mbili hukutanishwa kwa kipande chenye matundu ya kike pande zote mbili.

Kusokota nyaya pamoja na kuzifunga tepu, kama inavyofanywa kwa waya wa taa ya nyumbani, hakufai hapa hata kwa siku moja ya safari ya kweli. Pale uzi na wavu vinapoachana kwenda kusokotwa, omu 50 hupotea, mawimbi hugonga mahali hapo na kurudi, na tepu hukaribisha maji. Redio za kisasa hujipunguzia nguvu zinapohisi mawimbi yanarudi. Za zamani huweza kuunguza sehemu yake ya kutuma. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna redio inayobonyezwa kitufe cha kutuma ikiwa waya umechomolewa.

Kama ni kununua waya mpya, ununuliwe upi? Waya mwembamba wa RG-58, wenye unene wa milimita 5, ni rahisi na hupindika vizuri. Lakini katika mita 20, wati 25 zinazotoka kwenye redio hufika juu zikiwa 10 tu. Waya mnene wa RG-213, wa milimita 10, hufikisha 16 au 17. Kati yao upo RG-8X, unaofikisha kama nusu. Mbona basi watu wote wasitumie ule mnene? Kwa sababu ya uzito. Mita 20 za RG-213 ni kilo 3 hivi, na kilo zilizo juu ya mlingoti hukilaza chombo zaidi kuliko kilo zilizo ngamani. Pia hauingii kwa urahisi kwenye bomba la ndani wala haupindi kwenye kona. Kwa yoti ndogo yenye mlingoti wa mita 10, RG-8X inatosha kabisa. Kwa mlingoti mrefu, ule mnene unastahili taabu yake. Kilicho muhimu kuliko unene ni kwamba wavu na uzi viwe vya shaba iliyopakwa bati, yenye rangi ya fedha. Shaba ya namna hiyo hustahimili chumvi kwa miaka mingi, na bei yake ya ziada ni ndogo ukiilinganisha na kazi ya kupanda mara ya pili.

Waya wa zamani hautolewi ovyo, kwa sababu ndio utakaovuta mpya. Ncha ya waya wa zamani hufungwa kamba nyembamba imara, ndefu kuliko mlingoti, kisha waya huvutwa taratibu kutoka upande wa pili hadi kamba ishike nafasi yake. Kamba hiyo ndiyo huvuta waya mpya. Fundo lake hufungwa likiwa refu na jembamba na kufunikwa kwa tepu laini ili lisikwame kwenye tundu la kutokea. Waya ukigoma kusogea, huenda umefungwa ndani au umejizungusha kwenye henza. Kuvuta kwa nguvu hapo kunaweza kukata kamba, na kamba ikikatika mlingoti mzima huenda ukalazimika kung'olewa. Mlingoti usio na bomba la ndani huhitaji dawa nyingine ya kelele na msuguano: kila baada ya mita moja hivi, waya huvishwa vifungo vitatu vya plastiki ambavyo mikia yake haikatwi. Mikia hiyo husukuma kuta za mlingoti na kuuweka waya katikati.

Kazi ya kileleni inataka mtu apande. Hukaa kwenye kiti cha kitambaa kinachoinuliwa na henza moja, na henza ya pili hufungwa kwenye mshipi wake wa mwilini kama akiba. Kamba hufungwa kwa fundo kwenye kiti, wala haitegemewi pingu ya kufyatuka. Kila kifaa, kuanzia koleo hadi kisu, hufungwa uzi, kwa sababu spana inayodondoka kutoka mita 16 huweza kutoboa sitaha, sembuse kichwa cha mtu. Hakuna anayesimama chini ya mlingoti. Saa nzuri ni asubuhi kabla upepo haujakaza, na mahali pazuri ni pale ambapo boti za abiria ziendazo kasi hazipiti. Mkupuo mdogo unaoonekana si kitu sitahani humyumbisha aliye juu kwa mita nzima. Radi ikisikika hata kwa mbali, kazi huahirishwa.

Tuje sasa kwenye plagi, kazi inayoonekana ndogo na inayoharibiwa kuliko zote. Plagi ya juu hulehemiwa chini, mezani, kabla waya haujapandishwa. Upepo wa kileleni hupoza pasi ya kulehemu, na risasi iliyopoa kabla ya wakati hushika kwa nje tu. Bomba likiwa jembamba mno kwa plagi, waya huingizwa kutoka juu kwenda chini, na plagi ya chini ndiyo huwekwa mwisho, ndani ya kebini ambako hakuna haraka.

Kabla ya kuchuna chochote, pete ya plagi na neli ya plastiki inayonywea kwa moto hupenyezwa kwenye waya. Agizo hili husemwa kila mahali na husahauliwa kila mahali, hadi plagi imeshalehemiwa vizuri na pete inaonekana ikiwa mezani. Ganda huchunwa kwa kisu bila kugusa wavu, maana kila uzi unaokatwa ni njia iliyopotea. Wavu hupakwa risasi nyepesi na kukatwa sawasawa. Kihami hukatwa kidogo mbele yake, na uzi wa katikati hubaki na urefu wa kufika mwisho wa ncha ya plagi. Nyaya nyembamba huhitaji kipande cha ndani cha kupunguza tundu, kila aina na chake. Kisha plagi huzungushwa hadi wavu uonekane kwenye matundu manne ya ubavuni, na risasi huyeyushwa humo.

Hapa pasi dhaifu ni balaa. Plagi ni bonge la madini linalonyonya joto, na pasi ya wati 30 huikalia dakika nzima bila kuyeyusha risasi, huku kihami cha ndani kikilainika. Kihami kikilainika, uzi wa katikati huzama upande mmoja na kugusa wavu. Pasi ya wati 80 au 100 hufanya kazi hiyo kwa sekunde chache na kuondoka. Risasi itumike ile yenye utomvu ndani yake. Asidi ya mafundi bomba hula shaba polepole baada ya kazi kwisha. Plagi za kubana kwa koleo maalumu ni mbadala mzuri kwa asiye na pasi nzuri, ikiwa koleo ni la saizi yake hasa. Kwa koleo la kubahatisha hung'oka mkononi. Plagi ikipoa, mita ya omu hurudi: uzi usigusane na wavu. Kupima sasa ni rahisi. Kupima baada ya kuziba ni kazi ya kuchana tepu.

Na kuziba ndiyo nusu ya pili ya tiba. Plagi hukazwa kwa mkono, mita ya SWR husomwa, na kipimo kikiridhisha ndipo tepu hutolewa. Tepu inayofaa ni ya mpira, inayojishika yenyewe bila gundi. Huvutwa hadi karibu mara mbili ya urefu wake na kuzungushwa kuanzia chini, juu ya ganda la waya, kuelekea juu hadi kwenye shina la antena, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Hivyo maji ya mvua huteremka juu ya mikunjo bila kupata mdomo wa kuingilia. Juu yake huwekwa tepu nyeusi ya kawaida ili kukinga jua. Silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki isikaribie, kwani asidi yake hula shaba. Kabla waya haujaingia mlingotini, na tena kabla haujaingia sitahani, huachwa ukining'inia kidogo chini ya tundu kisha kupanda, ili matone yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Na je, waya ukifa safarini, pwani haionekani na bahari hairuhusu mtu kupanda? Redio ya mkononi ya wati 5 au 6 ndiyo kimbilio la kwanza, lakini antena yake fupi iko usawa wa kichwa. Antena ya dharura iliyofungwa tezini ni bora zaidi, kwa sababu hutumia redio kubwa. Asiye navyo vyote viwili, lakini ana mita chache za waya mzima wenye plagi upande mmoja, bado ana njia. Kwenye ncha isiyo na plagi, ganda huchunwa kwa sentimita 46. Wavu hurudishwa nyuma kwa uangalifu, ukavishwa juu ya ganda kama soksi iliyogeuzwa, na uzi wa katikati ukabaki na kihami chake ukielekea juu kwa sentimita hizo hizo. Urefu huo hautokani na kubahatisha. Wimbi la chaneli 16, yaani megahezi 156.8, lina mita 1.9 hivi, na robo yake, ikipunguzwa kidogo, ni sentimita 46. Ncha hufungwa kwenye kamba isiyo ya chuma na kupandishwa kwa henza mbali na nyaya za kuzuia mlingoti, juu kadiri waya unavyofika. Mlingoti ukivunjika na kwenda majini, hii huwa ndiyo antena pekee iliyobaki, na hutosha kuiita meli iliyo maili kadhaa.

Waya uliotengenezwa vizuri hauhitaji mengi baada ya hapo. Kila chombo kinapopandishwa nchi kavu kwa kupakwa rangi, plagi ya chini ya sitaha hufunguliwa, hutazamwa rangi na kufungwa tena. Atakayepanda kileleni kwa kazi nyingine yoyote, iwe taa au kapi, hukagua tepu ya antena akiwa hapo. Kipimo cha SWR cha siku waya ulipowekwa huandikwa kwenye daftari la chombo, pamoja na nguvu iliyofika juu kama ilipimwa. Mwaka unaofuata kipimo hicho hicho hurudiwa kwa mita ile ile na chaneli ile ile. Tofauti kubwa kati ya namba hizo mbili, iwe ya kupanda au ya kushuka, hupeleka mkono moja kwa moja kwenye plagi ya kileleni.